Ndege ya Kupima Mji

Juzi nilikwenda ofisi ya ardhi kununua kiwanja. Usidhani nilikwenda kuomba. Mimi ni mtu wa darasa la saba, tena la saba lenyewe la kukokotwa, lakini leo nina duka la vifaa vya ujenzi na malori yanayomwaga mchanga na kokoto Dodoma nzima. Hao wakubwa unaowaona wanahamia huku na suti zao, wengi nyumba zao zimesimama juu ya mchanga wangu. Basi nikamwambia binti wa kaunta: nataka pale upande wa Zuzu, chini ya reli, penye kichuguu kikubwa. Bei taja wewe.

Binti akafungua ramani kwenye kompyuta, akaivuta, akaikuza.

"Hapo hapauzwi, mzee wangu. Ni hifadhi ya barabara."

"Barabara gani? Nimepita hapo asubuhi, kuna miiba na mbuzi wa watu."

"Iko kwenye mpango, mzee. Ila hata usisikitike sana, hapajawahi kuwa na kitu. Ona, kwenye ramani ya zamani pameandikwa eneo wazi."

Nikacheka, ndugu yangu, maana ningelia ningewatisha watu wa kwenye foleni. Hilo eneo wazi ndipo nilipozaliwa.

Pale palikuwa na tembe ya bibi. Ilikuwa ndefu, imejikunja kama mkono uliolikumbatia zizi, na paa lake bapa la udongo uliopigwa juu ya miti. Ukisimama mbali kidogo usingejua nyumba inaishia wapi na ardhi inaanzia wapi. Ndivyo Wagogo walivyojenga, kwa sababu upepo wa huku hauna adabu na nyumba ndefu kwenda juu. Juu ya paa ndiko bibi alikoanika majani ya mlenda, vipande vya maboga na masuke ya uwele, na kazi yangu ilikuwa kufukuza kuku. Kabla masika ya huku hayajaanza tulikanda udongo wa kichuguu na samadi kwa miguu, tukaziba nyufa. Mvua ikija ilitua taratibu, paa likaipokea kama mtu anayesikilizwa shida zake. Leo nalala chini ya bati la rangi, bei yake nisikutajie, na mvua ikinyesha hata redio siisikii.

Asubuhi ilianza na mchi wa bibi, halafu moshi, halafu harufu ya mbuzi. Ugali wa uwele mweusi mweusi, mlenda wa kuvutika, maziwa ya mgando yenye harufu ya kibuyu kilichofukizwa. Nimekula kwenye hoteli za Dar es Salaam zenye vitambaa mezani. Hakuna kitu.

Babu sikumjua. Alizikwa kando ya zizi, kama alivyostahili mwenye mji, na bibi kila akipita na kibuyu cha maziwa alitua kidogo pale. Aligonga ardhi kwa kisigino, ubavuni mwa kaburi. "Nafasi yangu hii. Msije mkanilaza kwingine." Alilisema hilo kama mtu anayekukumbusha kufunga mlango.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Sukari ilikuwa imerudi madukani, mitumba imejaa minadani, na jirani yetu alikuwa amenunua redio ya betri, kwa hiyo alikuwa na akili kuliko sisi wote. Siku moja ikaja ndege ndogo, ikawa inakwenda na kurudi juu yetu kama mtu anayepiga matuta.

"Ndege gani hii isiyokwenda popote?" bibi akauliza.

Jirani akaja mbio, lubega linamdondoka begani. "Shemeji, hiyo inahesabu mifugo ya kodi. Zima moto, ondoa ng'ombe."

"Inahesabu ng'ombe kutoka juu?"

"Wazungu wanahesabu nyota, shemeji. Watashindwa na ng'ombe wako?"

Bibi hakubisha. Tuliswaga kundi mpaka korongoni, chini ya migunga. Tukashusha maboga na uwele kutoka kwenye paa, tukamwagia majivu udongo, tukafagia hata nyayo. Halafu tukalala ndani kimya, bibi amenikumbatia, anacheka kwa pua. Ndege ikalima mbingu mpaka ikachoka, ikaondoka. Msimu ule mzima jirani alitembea kifua mbele, na kila penye pombe alipewa kata ya kwanza. "Serikali yote ile," alisema, "nimeifichia ng'ombe."

Ilipita miaka kidogo, ikaja Landrova. Akashuka mpima, kijana mpole mwenye kofia, na vijana wake wamebeba nyundo na bikoni za saruji za kuwekea mipaka.

"Shikamoo bibi. Nyinyi hapa mmehamia lini?"

"Marahaba. Mimi nimeolewa hapa. Wewe umezaliwa lini?"

Vijana wakaangua kicheko, naye akacheka nao. Kisha akatandaza karatasi juu ya boneti. Tume ya mji imepanga, akasema, barabara kuu ipite hapa, na nyumba za wafanyakazi zikae pale. Wenyeji walioonekana kwenye picha wamekwishagawiwa viwanja vyao. "Lakini hapa, bibi, picha haikuona mtu. Hakuna nyumba, hakuna zizi. Eneo wazi."

"Picha aliipiga nani?"

"Ndege, bibi."

Jirani alikuwa amesimama nyuma yetu na redio yake kwapani. Akaizima.

Bibi hakumgeukia. Alimwambia mpima, "Basi kawaambie tupo. Umetuona kwa macho yako."

"Mimi napima tu, bibi. Tume inakwenda na picha. Labda wakipiga nyingine."

Maneno hayo ndiyo yaliyotumaliza. Bibi aliyashika kama ahadi. Kuanzia siku ile, ndege yoyote ikisikika tulitoa ng'ombe zizini na kuwatawanya uwanjani, tukatia majani mabichi motoni ili moshi upande, na mimi nikapanda juu ya paa kupunga shuka jeupe la bibi. Aliuza mbuzi wake akanunua bati. Halikuezeka kitu lile bati. Alililaza tu juu ya udongo wa paa ling'ae. Jirani naye alipanda, mzee wa watu, akapunga kwa mikono yote miwili.

Mwalimu wangu alikuja kumweleza kwamba hizo ni ndege za abiria, zinawaleta wakubwa mjini.

"Abiria nao wana macho," bibi akamjibu.

Likaja katapila wakati wa kiangazi. Tembe haianguki kwa kishindo, inalala tu chini, kama iliyokuwa imechoka. Lilipita juu ya zizi na juu ya babu bila kujua. Shangazi alimchukua bibi kwenda naye Mlali, alikoolewa, na bibi akapanda kwenye lori na bati lake. Huko ndiko alikofia, katikati ya wakwe wa watu, na huko ndiko alikozikwa. Tungemrudisha wapi? Barabarani? Na barabara yenyewe haikuja. Mpango ulibadilishwa, njia kuu ikapita kwingine, hifadhi ikabaki kwenye ramani, na hizo nyumba za wafanyakazi sijaziona mpaka leo.

Nilitoka ofisini nikaendesha mpaka pale. Nilikuwa nimekusudia nipajengee uzio, nimtafute babu, halafu nikamlete bibi kutoka Mlali, hata kama ingebaki mifupa ya kukusanya. Gari ninalo. Mafundi ninao. Kichuguu bado kipo, lakini nilizunguka mpaka jua likanipiga kisogoni, nisijue zizi lilikuwa upande gani. Jirani alishakufa, na shangazi pia. Hakuna mwingine aliyelala ndani ya nyumba ile ninayeweza kumuuliza.

Ndege ikapita, inashuka kwenda uwanjani. Nikaitazama mpaka ikapotelea nyuma ya mlima. Sikuinua mkono. Hapakuwa na kitu cha kuwaonyesha.