Mkanda wa goti wa Mama waanzisha mtindo kanisani

Mama yangu leo ameanzisha mtindo wa kucheza bila kujua!

Goti lake limesagika. Ili aepuke upasuaji, daktari alimpa mkanda wa kulibana. Leo, katika kanisa letu la Mlabani, baada ya mwaka mzima wa kukaa benchi, amerudi kucheza na akina mama wanaopeleka mpunga mpya altareni.

Katikati ya kanisa akasimama, akainama. Nikajua goti limegoma.

Kumbe mkanda umeteleza, anaupandisha kwa kuushika juu ya kitenge! Wenzake wa nyuma nao wakainama, ungo wa mpunga kichwani, wakashika magoti.

Mama akafika altareni akicheza.

Nje wakamzunguka: “Dada, ile ya kushika goti tufundishe!”

Mama akaninong'oneza, “Mwanangu, usimwambie mtu.”

Sijamwambia mtu. Nimeandika tu.