Asubuhi Tuliyotaka Kumfukuza Saidi

Juzi, mwanangu, uliniuliza swali mlilopewa chuoni huko Bujumbura: nchi zetu za Afrika Mashariki zikija kutumia sarafu moja, kisha moja ikazidiwa na madeni, zilizo na uwezo ziiokoe au ziiache? Uchumi mimi sikuusoma. Lakini nakumbuka asubuhi moja hapa Rumonge ambayo ikinijia naona haya, kisha naona fahari, na fahari ndiyo inayoshinda.

Nilikuwa kijana, nina michikichi mingi kuliko wenzangu, na maringo yangu yaliizidi hiyo michikichi. Kwenye kazi ya kukamua mawese mimi nilikuwa nakwenda na viatu vya ngozi, hebu fikiria! Tulikuwa wakamuaji wanane. Tulikubaliana kila bido, yaani dumu la mafuta, lifungwe kitambaa chekundu, liwe la nani liwe la nani. Wanunuzi wa Bujumbura wakikiona walilipa bei moja bila hata kufungua kifuniko.

Basi mwenzetu Saidi akaelemewa. Mkewe aliugua sana, akakopa kwa tajiri mmoja na kuweka shamba lake rehani. Siku ya kulipa ilipokaribia, akachanganya mawese mazuri na yaliyochacha ili mabido yawe mengi, akafunga kitambaa chetu. Mnunuzi alifungua, akanusa, akatema mate. Akaanza kufungua na mabido yangu, ambayo hayakuwa na kosa lolote, na bei akaishusha hivyo hivyo.

Nilichemka. Tulipokutana asubuhi ile nikasema, "Saidi tumutoe. Deni ni lake, acha wachukue shamba." Wengi wakaitikia kwa vichwa, na Saidi mwenyewe yuko pale pale.

Mama Zuhura, mkubwa wetu kwa umri, alikuwa anachambua ngazi, matunda ya michikichi. Hakuinua macho.

"Wewe, mwaka jana mikungu ya ngazi ya Saidi ilienda wapi?"

Niliinunua mimi, kila mkewe alipozidiwa, kwa bei ya mtu mwenye shida.

"Sema, baba. Iko siri? Faida mulikuwa pamoja, leo iko hasara unasema humujui. Na mukimutoa huyu, mununuzi atauliza nani anafuata."

Nilitamani ardhi inimeze na viatu vyangu.

Ndipo Saidi akasimama. "Mama, murakoze, asante. Lakini sadaka sitaki. Mafuta mabaya nimechanganya mimi, si ugonjwa wa bibi yangu. Munisaidie shamba lisiende, halafu musimu muzima nitakamua mbele yenu, mufungue kila bido." Hakuna aliyekuwa amemwomba hilo.

Tulimlipia, mimi nikatoa zaidi, kwa aibu kwanza, baadaye kwa moyo. Msimu mzima alikamua mbele yetu, kichwa juu, na alirudisha pesa zote. Shamba lile leo wanavuna wajukuu wake. Mpaka sasa najivuna kwamba nilifanya kazi na mtu yule.

Kwa hiyo, mwanangu, jibu langu ni hili. Mwenye uwezo amwokoe mwenzake, kwa sababu sehemu ya uwezo huo aliipata kwake, na sarafu ikishakuwa moja, ikidharauliwa imedharauliwa kwa wote. Lakini mwenye deni afungue vitabu vyake mwenyewe, aseme alikokosea, akubali kuangaliwa. Asipofanya hivyo, mimi pia nitasita kumpa. Na ikiwa siku hiyo waliozidiwa ni sisi Warundi, usikubali mtu akuambie sisi ni mzigo. Tuna ziwa, tuna udongo, tuna mikono. Tutasema kosa letu kwa sauti, kisha tutafanya kazi mbele ya macho ya majirani.

Mungu akupe mkono wa kuokoa wengine. Na siku utakayohitaji kuokolewa wewe, akupe uso wa kusimama mbele ya wenzako na kusema ukweli wote. Amahoro, amani iwe nawe, mwanangu.