Beti Sita kwa Mwendo wa Kimeru

Hadi nilipokuwa na miaka ishirini na sita nilikana kwamba naona miali. Nilimkatalia mama, nikamkatalia nesi wa shule, na huko chuo kikuu Uganda nilimweleza mwenzangu wa chumbani kwamba nimejifunika kitambaa usoni kwa sababu ya nzi. Nzi hawakuwepo. Kilichokuwepo ni nukta inayong'aa katikati ya kila ninachokitazama. Hugeuka mstari wa meno ya msumeno, hupanuka mpaka pembeni, kisha hutoweka na kuniachia kichwa kinachogonga. Sikusema, kwa sababu Shangazi Eliaichi alikuwa akisema tangu zamani, na watu wakamwona kichaa.

Mara ya mwisho alisema kanisani, enzi za Mwingereza, kwaya ikiwa katikati ya wimbo: "Mchungaji amekatika nusu!" Baba mkubwa Zakaria, mzee wa kanisa, aliona aibu kuliko mchungaji mwenyewe. Akatangaza kwamba ukoo ungekutana Jumapili inayofuata ili shangazi apelekwe hospitali ya vichaa, mbali, ambako tulijua watu huenda lakini hatukujua anayerudi.

Nilikuwa mwalimu Arusha mjini. Daktari mmoja Mwingereza kutoka Nairobi alikuwa amepanga chumba karibu na shule yetu, pamoja na mashine ya kupima umeme wa kichwa. Watu walimwita Bwana Nyaya. Jioni ile ile ya Jumapili nilimsimulia habari za shangazi, za shangazi tu. Akaruka kitini. Alikuwa akichunguza jinsi wimbi linavyotambaa polepole nyuma ya ubongo, mahali panaposomwa habari za macho.

"Wazimu haufuati saa," akasema. "Wimbi hili linafuata. Nipatie dakika zake, nami nitamwandikia baba yako mkubwa."

Jumatatu asubuhi tukashika barabara ya Moshi. Mijakaranda ilikuwa imemwaga maua, na mji ulikuwa mdogo kiasi kwamba uliisha kabla sijapata pa kuweka miguu. Pale Maji ya Chai, mto ukipita na rangi ya jina lake, akina mama wauza ndizi waliniona ndani ya gari la Mzungu.

"Mwalimu! Umekamatwa?"

"Bado," nikajibu.

Kutoka hapo tulipanda kwa miguu kati ya migomba na mibuni. Kahawa ilikuwa imechanua. Mpaka leo, harufu ile ikinipitia popote, nasimama kama mtu aliyeitwa.

Saa sita tulikuwa uani kwa shangazi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Huyu ndiye anayetaka kunitazama kichwani? Mwambie hamna kitu, Zakaria ameshatafuta."

Alitulisha loshoro, yale mahindi ya kupikwa na maziwa ya mgando, kisha akachukua kaa lililozimika na kuchora: meno madogo katikati ya karatasi, makubwa pembeni. Mchoro ulikuwa wangu.

"Inachukua dakika ngapi?" daktari akauliza, nami nikatafsiri.

"Saa ninayo mimi? Ikianza, naanza wimbo wetu wa jioni wa kanisani, ule wa beti sita. Nikiuimba mara tatu imeisha."

"Mara tatu na beti mbili, shangazi," nikasema. "Kile kipande cha pembeni huchelewa."

Shangazi akaliweka kaa chini.

"Wewe umejuaje?"

Nikaweka kidole kwenye jino kubwa la pembeni mwa karatasi.

"Tangu lini?"

"Tangu darasa la tatu."

"Na siku ile ulikuwa benchi la nyuma yangu," akasema taratibu, "ukaniacha nisimame peke yangu."

Daktari aliuliza tumesema nini. Nikamwambia tunajadili wimbo, nikamtajia jina lake na hesabu: mara tatu na beti mbili. Basi hivyo ndivyo nilivyoshuka mlima, na shahada yangu.

Daktari alirudi Nairobi Jumatano. Ijumaa nikapata telegramu: dakika hazilingani, nipigie simu. Nilikimbia posta na chaki mkononi.

"Wimbo wenu ni mfupi mno," akasema, sauti ikikwaruza. "Nimeupima. Haufiki hata nusu ya muda wa wimbi."

"Umeimbiwa na nani?"

"Mpiga kinanda wa kanisa la hapa."

Nilicheka mpaka karani akanitazama. Kwetu Meru, ubeti mmoja ukianza unaweza kukoroga uji ukaiva.

"Shika saa yako," nikamwambia.

Nikaimba, pale pale posta, kwa mwendo wa nyumbani, bila kuruka pumzi. Kufikia ubeti wa tatu, mama mmoja aliyefuata stempu akaingia na sauti ya pili. Karani alivua kofia. Tulipomaliza sita zote, nikasikia penseli ikikwaruza upande wa pili, ikizidisha.

"Zinalingana," akasema. "Si kichaa hata kidogo. Natuma telegramu leo, Bwana Zakaria aipate kabla ya kikao. Ila hizo beti mbili za ziada zilikuwa za nani? Niandike kwamba hali hii anayo mtu mmoja katika ukoo, au wawili?"

Watu wa posta walikuwa bado wananitazama.

"Wawili," nikasema. "Na la pili ni jina langu. Liandike lote."