Siku Mlevi Aliponyamaza

Watu wa Öræfi, wilaya iliyo chini ya milima ya barafu, hawasifiani ovyo. Jenga nyumba ya ghorofa tatu kwa mikono yako mwenyewe, watakuambia paa limekaa vizuri, basi. Ndiyo maana Steinvör binti Ketill alipandisha watu juu ya Grájökull miaka thelathini na tisa, akawarudisha wote na vidole vyao kamili, na sifa kubwa aliyowahi kupata ni "leo hujachelewa."

Grájökull ni mto wa barafu unaoteremka mlimani hadi nyuma ya zizi la baba yake. Marehemu Ketill alimfundisha kuukanyaga kabla hajajua kusoma, akamwachia fimbo ndefu yenye ncha ya chuma. Waongozaji wa siku hizi wana visururu vyepesi vya rangi. Steinvör ana fimbo ya Ketill, na ole wake anayeicheka.

Kiangazi hiki, Steinvör akiwa na miaka sitini na tatu, kampuni ya utalii anayoifanyia kazi ilitangaza kuwa waongozaji waliovuka sitini watapimwa. Ukifaulu, unaendelea kupandisha makundi. Ukishindwa, unakaa bandani kuwagawia watalii viatu.

"Kugawa viatu! Mimi!" alimfokea mbwa wake, maana ndiye aliyekuwa karibu.

Mpimaji alikuwa Hrafnkell, mkuu wa waongozaji, kijana wa miaka thelathini na minne mwenye vyeti kutoka milima ya Uswisi. Kundi la siku hiyo lilikuwa wanaume kumi wa kwaya. Walikuwa wamesafiri kutwa nzima kutoka kaskazini ili waimbe ndani ya pango la barafu lililo juu kule, ambamo sauti hurudi tamu kuliko kanisani.

"Bibi," alisema Bárður, mwimba besi mwenye kitambi, wakifunga meno ya chuma chini ya viatu, "ukichoka nitakubeba mgongoni."

"Libebe hilo tumbo kwanza. Halina meno ya chuma."

Wenzake wakacheka hadi ndege wakaruka. Hrafnkell akaandika kitu kwenye karatasi yake.

Walipovuka kijito kinachotoka chini ya barafu, Steinvör alisita. Ilikuwa siku ya joto, na usiku mvua ilikuwa imenyesha, lakini mawe ambayo hufunikwa na maji yalikuwa nje, makavu. Aliliweka jambo hilo moyoni, akaendelea.

Walipanda kwa muda wa saa tatu. Penye ukuta wa barafu alitangulia kuchonga vidato, akasimama pembeni akimtazama kila mmoja miguu yake. "Kanyaga kama unaua mende! Usikanyage kama unacheza dansi!" Wanakwaya walianza safari wakiimba, wakaendelea wakihema, mwishoni wakabaki kumtazama tu yule mama anayepanda bila hata kuhema. Miguu ilimtii vizuri. Alijua Hrafnkell anaona, na alifurahi kwamba anaona.

Karibu na pango, Bárður alipata pumzi, akaanzisha wimbo, kwaya nzima ikadakia.

"Nyamazeni," alisema Steinvör.

Wakaendelea kuimba.

"Nyamazeni nyote!"

Wakakatiza wimbo. Nyuso zao zilikuwa za watu waliotukanwa.

Juu ya pango kuna shimo ambamo maji ya barafu huzama, yakaenda kutokea chini kwenye kile kijito. Watu wa Öræfi huliita Mlevi, kwa sababu kiangazi kizima linagugumia mchana na usiku bila aibu. Steinvör alitega sikio. Mlevi hakugugumia. Alipanda peke yake hadi ukingoni, akachungulia, akakuta maji yamejaa karibu na mdomo wa shimo, yametulia tuli. Ndipo akakumbuka yale mawe makavu. Baba yake alikuwa akisema, "Mto ukipungua siku ya joto, uliza maji yamelala wapi."

Aliteremka, akaiweka fimbo njiani kama kizuizi. "Pangoni haingii mtu. Pandeni kwenye kile kigongo, tule."

"Steinvör," Hrafnkell alisema kwa sauti ya chini, "jana niliingia mwenyewe. Lilikuwa kavu."

"Jana ilikuwa jana."

"Hawa watu wamekuja kwa ajili ya pango. Nitaandika nini hapa?"

"Andika nimekataa. Na wewe panda."

Hrafnkell akapanda.

Wakakaa kigongoni, wakatafuna mkate bapa na nyama ya kondoo iliyokaushwa kwa moshi. Steinvör aligawa maandazi ya kusokota aliyokaanga alfajiri, lakini hata maandazi hayakuwatuliza.

"Saa nane za barabara," Bárður alinung'unika, "tumekuja kula andazi."

Nusu saa ikapita. Pango lilikaa pale chini, la buluu, kavu, zuri la kutamanisha. Steinvör alianza kuogopa, na hakuogopa barafu. Aliogopa lile banda, zile rafu za viatu, watu wakimwuliza kama ana namba arobaini na tatu. Angeweza kusema, haya, ingieni dakika tano tu. Neno lilimfika ulimini, akalimeza pamoja na kahawa.

Kukasikika kishindo chini ya makalio yao. Kisha mdomo wa pango ukatapika maji ya kahawia, na vipande vya barafu vikubwa kama friji vikabingirika hadi pale walipokuwa wamesimama wakibishana. Maji yalimwagika kwa dakika nyingi. Yalipopungua, kule juu Mlevi alianza tena kugugumia.

Bárður alivua kofia yake ngumu, jambo lililokatazwa kabisa juu ya barafu.

"Vaa kofia," Steinvör alimwambia.

"Ndiyo, mama," akajibu, akavaa.

Kabla ya kuteremka waliomba ruhusa ya kuimba pale pale kigongoni. Akawapa. Waliimba kwa sauti zinazotetemeka, vibaya sana, na Steinvör alisikiliza akiwa amesimama wima na fimbo ya baba yake, kifua kimejaa fahari hadi koti likambana. Hakujaribu kuificha.

Walipofika chini, Hrafnkell alikaa muda mrefu garini na karatasi yake. Hatimaye akaja, akampa bila kumtazama usoni. Steinvör aliisoma. Kwenye mapungufu alikuwa ameandika, "Anafokea wateja." Chini kabisa, palipoandikwa mpimaji wa waongozaji wote kuanzia sasa, jina la Hrafnkell lilikuwa limekatwa, na juu yake pameandikwa Steinvör binti Ketill.

Aliisoma tena, polepole.

"Na wewe nitakupima?" aliuliza.

"Na mimi."

"Basi njoo kesho saa moja. Leo umeshindwa."