Maganda ya Kahawa na Maji ya Buluu

Tulipohamia Bunia kutoka upande wa Aveba, mama hakuwa na shamba tena. Alichokuja nacho ni mikono inayojua kutia vitambaa rangi. Alikuwa akifunga vitambaa vyeupe kwa nyuzi, akivichovya katika pipa la rangi, kisha akivianika uani. Vikwembe vyake, vitambaa vya kujifunga, vilipendwa sokoni, na kwa jasho lake niliingia chuo kikuu kusomea biolojia.

Maji ya rangi yaliyobaki tuliyamwaga mtaroni. Mtaro huo ulipita kando ya bustani ya mboga za lengalenga ya jirani yetu, mjane aliyefuga mbuzi. Asubuhi moja alikuja ameshika fungu la mboga, mizizi yake imekuwa buluu.

"Mama, angalia," alisema. "Batu watakula hii?"

Mama hakubishana. "Pole, dada. Nitaacha."

Na kweli aliacha. Pipa likafunikwa, kamba zikabaki tupu. Sikuwa nimezoea kumwona mama amekaa hivyo, mikono mapajani, akitazama barabara.

Nilikumbuka somo moja la chuoni. Kuna uyoga unaokula miti iliyokufa. Ili uuvunje mti mgumu, hutoa vimeng'enya, na vimeng'enya hivyo huweza kuvunja hata rangi za viwandani. Nikamfuata mwalimu wetu, nikamweleza habari ya mtaro wetu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Jaribu maganda ya kahawa," alisema. "Uyoga unayapenda." Akanipa chupa ya mbegu ya uyoga kutoka labo, maabara ya chuo.

Maganda niliyapata kwenye mashine ya kukoboa kahawa, kwenye barabara ya kwenda Komanda. Yalikuwa yamerundikwa nyuma, yananuka. Mwenye mashine alicheka. "Beba yote. Siye inatusumbua tu."

Niliyachemsha, nikayakamua, nikayajaza katika mifuko pamoja na mbegu, nikaipanga jikoni kwetu. Joto la jiko likaiharibu: yote ikaota ukungu wa kijani. Nilikuwa naitupa, karibu kulia, jirani aliponiona akauliza ni kitu gani. Nikamweleza.

"Kibanda yangu ya mbuzi iko baridi, tena iko na giza," alisema. "Mbuzi nitafunga kwingine. Leta mifuko yako."

"Lakini mama, ni siye tuliharibu bustani yako."

"Nilikatala maji. Sikukatala mama yako."

Tulikisafisha kibanda pamoja, tukakipaka chokaa. Safari hii nyuzi nyeupe zilitambaa ndani ya maganda hadi mifuko ikawa kama imejazwa pamba. Kisha uyoga ukachomoza, mnene, wa kijivu. Tuliupika na karanga, nyumba zote mbili tukala.

Baada ya mavuno nilijaza ndoo moja kwa mabaki yale meupe ya mifukoni, na nyingine kwa maganda matupu. Mama akamimina maji ya buluu katika zote mbili. Siku zilipopita, maji ya maganda matupu yalipungua rangi kidogo tu. Yale mengine yalikuwa kama chai nyepesi. Mama aliyachota kwa kikombe, akayainua kwenye mwanga.

"Rangi imeenda wapi?"

"Uyoga umeivunja, mama."

Alikwenda kulifunua pipa lake.

Siwezi kusema maji yale yalikuwa safi. Hatukuyanywa wala kuyamwaga kwenye mboga, na rangi nyekundu ilitushinda. Mpaka leo naihangaikia. Lakini tulichimba shimo mbali na bustani, tukalitandika plastiki, tukalijaza mabaki ya uyoga, maji ya rangi tukayamwaga humo, na mtaro haukupitisha rangi tena. Lengalenga ikaota kama zamani.

Siku ya kutetea kazi yangu ya utafiti juu ya uyoga huo chuoni, mama na jirani walikaa benchi ya mbele, wote wawili wamevaa vikwembe vipya. Profesa mmoja aliniuliza uyoga wangu niliukuzia labo gani. Kabla sijafungua kinywa, jirani akajibu kwa sauti, "Iko kwangu!"

Watu wakacheka, naye profesa akacheka. Niliwatazama wanawake wale wawili, nikasema "aksanti" kwanza, ndipo nikaendelea kujibu.