Mto wa Kiti Wenye Viraka Ishirini

Saa tatu asubuhi, Constant, dereva wa baiskeli ya abiria, anafunga breki kwenye mtaro wa maji katikati ya Bunia na kumwambia mgeni ashuke. Mgeni, Adrien, karani aliyetua jana kutoka Kinshasa, anawaka. Amelipia kuzungushwa soko lote, mpaka kwa wapima dhahabu na wachoma mishikaki wa ng'ambo ya mtaro. Anaanza kuhubiri jinsi watu wa huku walivyo wajanja.

"Patron, weye shuka tu," anasema Constant. "Kule miye sifike. Mwenye kufika ni ule."

Ule ni Gauthier, dereva wa baiskeli wa upande wa pili, amesimama hatua kumi mbele. Naye havuki kuja huku. Constant anafungua mto wa sponji kwenye kiti cha nyuma na kumkabidhi mgeni: aukalie kwa Gauthier, arudi nao.

Ndivyo kazi inavyofanywa mwaka huu wa 2003, vita vya makabila vimeufanya mtaro kuwa mpaka. Madereva wanapokezana abiria kama magunia ndani ya mji mmoja. Wale waliotuambia mwaka 1999 kwamba huu ni ugomvi mdogo wa mashamba, wako wapi? Waje basi wapande.

Constant, mwenye miaka 34, alizaliwa ng'ambo hiyohiyo. Mama yake, Léonie, ni wa watu wa huko. Baba alikuwa wa huku, na mtoto hufuata baba. Hata bunduki zinaijua desturi hiyo. Mama anashona kwenye baraza ya duka lililofungwa, mita mia sita kutoka mtaroni. Miezi kumi na minne hawajaonana.

Mto ukivuka, Gauthier hupita kwa mama, na mama hutia kiraka kimoja, ishara kwamba yu hai. Vimefika kumi na tisa. Lakini safari tatu zilizopita mto umerudi vilevile. Gauthier anasema mama ana homa tu.

"Gauthier iko na roho muzuri, ndiyo shida," anasema Constant. "Anaweza kuniambia mama iko salama hata kama wamemuzika. Uzi haidanganye."

Karibu saa sita Adrien anarudi akinuka moshi wa nyama. Anasifu vitenge, muziki, watu wa utani. Soko tamu namna hii, anauliza, mbona mmelikata vipande? Constant anageuza mto.

Kiraka kipya kipo, chekundu, mshono umepinda kama njia ya mlevi.

Hapo Adrien anakumbuka. Kuna mama mmoja, mwembamba, amedhoofika kwa homa, alimwondoa juu ya mto katikati ya mazungumzo kama mtoto aliyekalia chakula. Gauthier ndiye aliyemtungia uzi kwenye sindano. Mama huyo alituma neno: mto umejaa, hakuna tena pa kushona; mwenye mto aje mwenyewe.

Constant anacheka, kisha anainama kuufunga mto kitini, anaufungua, anaufunga tena.

"Siku moja nitapita huu mutaro bila kushuka," anasema. "Kwenda, kiti iko mutupu. Kurudi, mama iko juu yake."