Amplifaya ya Kungoja

Tulipohamia nyumba ndogo huku mtaa wa Tena, Mathe, mama yangu, alisema amplifaya moja kati ya zetu mbili za muziki iuzwe apate pa kuweka kabati. Ya Baba ni ya valvu, vile vioo kama balbu ambavyo lazima vipate moto ndipo muziki utoke. Yangu ni ya transista: ukiiwasha tu, inaimba.

“Baba, hiyo yako ni kama githeri,” nilimwambia. “Mtu anazeeka akingoja iive.”

“Na yako imefanana na wewe. Inaropoka kabla ya kufikiri. Haya, chagua wewe. Masikio yangu yaliliwa na mashine za kiwandani.”

Sauti ya yangu ni safi zaidi, hilo sina shaka nalo. Lakini ikishawaka, hakuna anayezungumza tena nyumbani. Ya Baba inapopata moto, yeye huketi tu kando yake, hana la kufanya, ananiuliza mambo. Kwa vile hurudi kutoka kazini amechoka, ni hapo tu ninapompata.

Nikasema tuuze yangu.

“Kumbe umeonja utamu wake,” akasema, akaiwasha yake. Tukangoja. “Ehe, na ule mtihani wa hesabu ulipata ngapi?”

Vioo vilikuwa vinawaka polepole mno. Ikabidi nimwambie.